Kamera Ihesabu, Isikumbuke

Mijadala yetu kuhusu teknolojia huanza na bei na kuishia kwenye hafla ya uzinduzi. Katikati ya hayo mawili lipo swali ambalo aghalabu hukosa wa kuliuliza: kifaa hiki kimeagizwa kikumbuke nini? Leo naliuliza kuhusu kamera ya kubebeka, inayosimamishwa kando ya barabara, ikalitambua gari linalokuja, ikageuza shingo yake yenyewe na kulifuata mpaka litokomee. Si zamani sana chombo cha namna hiyo kilikuwa cha majeshi na cha wenye fedha nyingi. Sasa wanafunzi wanne wa uhandisi wanaweza kukiunda juu ya meza ya maabara kwa kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kamera moja, mota mbili, betri na stendi ya miguu mitatu.

Hoja yangu naiweka wazi mapema, ili msomaji asiyekubaliana nami ajue pa kunishika. Nchi yetu inaihitaji kamera hii, na ni heri tuiunde wenyewe. Lakini tuiunde iwe ya kuhesabu, isiwe ya kukumbuka. Na uamuzi huo ufanyike mezani, wakati kifaa bado ni nyaya na skrubu, kwa maana kikishafika barabarani na kuzoeleka, hakuna atakayekubali kukipunguzia kumbukumbu.

Tuanze na haja yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nyuma ya takwimu hizo kuna watu tunaowajua: mtoto aliyetoka shule, mama aliyebeba ndoo ya samaki, kijana wa bodaboda aliyekuwa akiilisha nyumba nzima.

Sisi Watanzania tunapambana na mwendo kasi kwa tochi. Askari wa usalama barabarani anasimama chini ya mti, anaielekeza tochi kwa gari moja, anasoma kasi. Kila dereva anajua namna ya kuishi na tochi. Aliyekwisha kuipita humwashia taa anayekuja, anayekuja hupunguza mwendo, hupita kwa adabu, kisha akifika mbele kidogo hukanyaga mafuta kama kawaida. Siwalaumu askari, wanafanya kazi juani kwa kifaa kilichoundwa kupima gari moja, mahali pamoja, kwa saa ambazo mtu amekishika. Tochi haiwezi kutuambia barabara inafanya nini saa kumi na mbili jioni, giza linapoingia na watoto wa zamu ya mchana wanavuka.

Maarifa hayo ndiyo tunayoyakosa. Katika maeneo mengi tuta la barabarani huja baada ya msiba. Mtoto hugongwa, wananchi huziba barabara kwa mawe na magogo, kiongozi hufika, ahadi hutolewa, tuta hujengwa. Damu ndiyo inayotumika kama kipimo cha mahali pa hatari. Kamera inayofuata magari kwa wiki moja ingeweza kutoa kipimo hicho kabla ya kifo: magari mangapi yanapita kila saa, yanakwenda kwa kasi gani yakikaribia kivuko, bodaboda ngapi zinapenya upande wa kushoto wa basi lililosimama. Na kwa kuwa inabebeka, kamera moja ingeitumikia wilaya nzima, wiki hii ikiwa mbele ya shule, wiki ijayo kwenye njia panda ya soko.

Msomaji asidhani ni tofauti ndogo ndogo zinazotafutwa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Umbali ambao gari hulihitaji ili lisimame baada ya breki kushika hukua kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo dereva anayekwenda kilomita 70 badala ya 50 hajaongeza kidogo tu. Umbali wake wa kufunga breki umekaribia kuwa maradufu. Mahali ambapo wa kwanza angesimama, wa pili bado anakuja, na mtoto yuko mbele yake.

Sasa tukitazame kifaa chenyewe, kwa sababu siasa yake imejificha katika utendaji wake. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza, programu inaipokea picha na kutambua ndani yake kilicho gari na kisicho gari. Pili, inalipa kila gari namba ya muda, tuseme gari la saba, na kulitafuta gari lile lile katika picha inayofuata na zinazofuata. Tatu, inaziamuru mota ziigeuze kamera ili gari la saba libaki katikati ya picha.

Hatua ya pili na ya tatu zina ugumu ambao mtu hauoni mpaka ajaribu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ikiwa kompyuta inachelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, inapoamua kwamba gari liko hapa, gari limekwisha kusogea zaidi ya mita nne, yaani urefu wa gari dogo zima. Kamera ikilenga mahali ilipoliona gari, italenga pengo. Ni lazima ilenge litakapokuwa, kama mlinda mlango anavyoruka kabla mpira haujafika. Hesabu ya kukisia hivyo, inayochanganya kilichopimwa na kilichotabiriwa, aliiandika Rudolf Kálmán mwaka 1960, na ilitumika katika safari za Apollo kwenda mwezini. Leo inafanya kazi ile ile kwenye kompyuta ya ukubwa wa kiganja.

Hata hivyo kukisia ni kukisia. Lori likipita kati ya kamera na gari la saba, kwa sekunde moja au mbili kamera haioni kitu. Lori likiondoka, huenda programu ikalikuta gari jingine na kuliita la saba. Kwa mwenye kuhesabu, kosa hilo ni dogo: kati ya magari elfu, machache yamechanganywa, na wastani haubadiliki sana. Kwa mwenye kutoza faini au kushtaki, ni dhuluma, kwa sababu anayeadhibiwa si wastani bali mtu mmoja mwenye jina. Hesabu moja inatosha kwa kazi ya kwanza na haitoshi kabisa kwa kazi ya pili.

Mwaka jana nilialikwa kukaa katika jopo la kutathmini miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nao walikuwa wameunda kamera ya aina hii. Mimi si mhandisi. Nafundisha mambo ya siasa na jamii, na aliyenialika alitaka awepo wa kuuliza maswali ya nje ya fani. Kazi yao ilikuwa nzuri. Walikuwa wameiweka kamera kando ya barabara kuu kwa siku tatu, ikawaletea jedwali la mwendo wa magari saa kwa saa. Mmoja wao akaeleza kwa fahari kwamba hatua itakayofuata ni kusoma namba za magari. "Ni kuongeza programu moja tu, mwalimu," aliniambia. Nikawauliza picha za siku zile tatu ziko wapi. Zilikuwa zote kwenye kadi ya kumbukumbu, ndani ya mkoba uliokuwa chini ya kiti, na kila namba ya gari ikisomeka. Nikauliza zitafutwa lini. Wakatazamana.

Sikuwalaumu na sitawalaumu hapa. Karatasi ya kuwapimia alama ilikuwa na nafasi ya usahihi, ya gharama na ya uwasilishaji. Haikuwa na nafasi ya kuuliza mashine inasahau nini. Tumewafundisha vijana wetu kuona kwamba kuhifadhi kila kitu ni uangalifu, na kwamba kufuta ni upotevu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho la jirani kweli halina pazia, lakini jirani husahau. Aliyekuona ukipita jana asubuhi hawezi kuorodhesha mapito yako ya miezi sita. Faragha ya mtu barabarani haikujengwa juu ya kutoonekana. Ilijengwa juu ya usahaulifu wa wanaomwona. Kamera inayosoma namba na kuitunza inauondoa usahaulifu huo. Namba ya gari ikisomwa mara moja ni alama; ikisomwa mara mia, na saa na mahali, ni wasifu wa mtu. Inaonyesha kliniki aliyokwenda, nyumba ya ibada, ofisi ya chama, nyumba aliyolala. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, na Ibara ya 17 inampa kila raia uhuru wa kwenda atakako. Mtu anayejua kwamba kila aendako panaandikwa ana uhuru huo kwenye karatasi tu.

Neno "kubebeka" linazidisha uzito wa jambo hili. Kamera iliyofungwa kwenye mlingoti ina anwani. Mbunge anaweza kuiulizia, mwandishi anaweza kuipiga picha, mwananchi anaweza kujua iko wapi na ni ya nani. Kamera inayoingia kwenye begi haina anwani. Leo iko mbele ya shule kwa kazi njema. Kesho inaweza kuwa mbele ya mkutano wa hadhara, ikihesabu si magari bali waliohudhuria. Kifaa ni kile kile, betri ni ile ile, na hakuna tangazo la zabuni litakalotuonya.

Historia inaonyesha jinsi vifaa hivi vinavyobadili kazi. Maurice Gatsonides alikuwa dereva wa mbio za magari kutoka Uholanzi, mshindi wa Monte Carlo Rally ya mwaka 1953. Alitaka kifaa cha kupima kasi yake mwenyewe kwenye kona, ili aende haraka zaidi. Kifaa chake ndicho kilichozaa kamera za polisi zinazoitwa Gatso, ambazo zimewatoza faini madereva wa nchi nyingi. Kilichoundwa kumsaidia dereva kukimbia kikawa cha kumzuia asikimbie. Mabadiliko hayo yalikuwa ya heri. Mengine hayakuwa.

Mwaka 2010, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, polisi waliweka kamera zaidi ya 200, nyingi zikiwa za kusoma namba za magari, katika mitaa yenye wakazi wengi Waislamu. Wakazi walielezwa habari za uhalifu wa kawaida na usalama wa mtaa. Baadaye ilibainika kuwa fedha zilitoka katika mfuko wa kupambana na ugaidi, na kwamba baadhi ya kamera zilikuwa zimefichwa. Watu walipopinga, kamera zilifunikwa kwa mifuko ya plastiki, kisha zikaondolewa. Zingatieni kilichowawezesha wakazi wale kushinda: kamera nyingi zilikuwa kwenye milingoti, zikionekana, hata zikaweza kufunikwa mifuko. Zingekuwa za begini, wangefunika nini?

Mfano wa tatu unawahusu waundaji wenyewe. Programu nyingi za kutambua magari, zikiwamo zinazotumiwa na wanafunzi wetu, zimetokana na kazi iitwayo YOLO, ambayo Joseph Redmon na wenzake waliitoa mwaka 2015. Februari 2020 Redmon alitangaza kwamba ameacha utafiti wa kuifundisha kompyuta kuona, kwa sababu ya matumizi yake ya kijeshi na madhara yake kwa faragha. Namheshimu kwa hilo. Lakini YOLO haikusimama. Watu wengine waliendelea kutoa matoleo mapya, na yanatumika hadi leo. Dhamiri ya mtu mmoja ni jambo kubwa kwake mwenyewe, ila haiwezi kuwa breki ya kifaa kilichokwisha kusambaa. Breki hiyo ni sheria, na ni muundo wa kifaa chenyewe.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa hatari ni kubwa hivyo, kwa nini tuunde? Tuwaachie wengine. Jibu langu ni bajaji. Programu hizi hufundishwa kwa hazina za picha zilizowekewa majina. Hazina moja maarufu, iitwayo COCO, ina aina 80 za vitu. Humo mna gari, basi, lori, pikipiki na baiskeli. Mna hata vifaa vya kutelezea kwenye theluji. Hamna bajaji. Hamna guta wala mkokoteni. Kamera iliyofundishwa kwa hazina hiyo ikikutana na bajaji italazimika kuiita gari, au pikipiki, au isiione kabisa. Sasa fikirini taarifa ya usalama wa barabara ya Buguruni au ya Mwanjelwa ambamo bajaji hazipo. Mhandisi atakayeitegemea atajenga barabara ya nchi nyingine. Tukinunua macho ya watu, tutaona walichoona wao. Kuunda wenyewe ni njia ya kuhakikisha kwamba walio hatarini barabarani, yaani watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na abiria wa vyombo vya miguu mitatu, wanaonekana kwenye hesabu.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi, na sitaipita kwa haraka. Mzazi ambaye mwanawe amegongwa na dereva aliyekimbia hataki wastani. Anataka namba ya gari lile. Kamera ninayoitetea haitampa, na ni lazima nilikiri hilo bila kulipamba. Ninachosema ni kwamba kumsaka dereva huyo ni kazi ya kifaa kingine, chini ya masharti mengine: kamera ya kudumu mahali palipotangazwa, yenye bango, iliyohakikiwa vipimo, inayotunza picha ya aliyevunja sheria na kufuta za waliopita kwa amani, na inayofunguliwa kwa utaratibu unaoacha kumbukumbu ya nani aliifungua na kwa nini. Kifaa kimoja kikifanya kazi zote mbili, kazi ya pili itaila ya kwanza, maana hakuna mtaa utakaoikaribisha kamera ya kuhesabu ukijua kwamba ndiyo ile ile ya kupeleleza.

Kuhusu wale wasemao kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa, nawajibu kwa ufupi: mwenye kuamua nani ana hatia si yule anayepita barabarani, ni yule mwenye kadi ya kumbukumbu.

Napendekeza mambo matano. Kwanza, kamera ya kuhesabu ifanye kazi yake yote ndani ya kifaa chenyewe na kutoa tarakimu tu. Picha ifutwe mara baada ya kuhesabiwa, na pale inapolazimu kuhifadhi sampuli kwa ajili ya kukagua usahihi, nyuso na namba za magari zifunikwe kabla ya kuhifadhiwa, si baadaye.

Pili, popote inapowekwa pawe na kibao: kamera hii ni ya nani, inapima nini, itaondolewa lini, na ni nani wa kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na imeunda Tume ya kulisimamia hilo. Ila sheria za namna hii, kama zilivyo katika nchi nyingi, huacha mlango wazi kwa sababu za usalama na kuzuia uhalifu. Kanuni mahususi za kamera za barabarani zingeupunguza upana wa mlango huo.

Tatu, kipimo chochote kitakachotumika kumtoza mtu faini kihakikiwe kwa ukali ule ule wa mizani ya dukani na pampu ya mafuta. Muuza nyama hawezi kutumia mizani isiyo na alama ya Wakala wa Vipimo. Kamera inayohamishwa kila wiki huhitaji kupimwa upya kila inapohamishwa, kwa kuwa urefu wake, mwelekeo wake na umbali wake kutoka barabarani vimebadilika.

Nne, vyuo vyetu vishirikiane kuunda hazina ya picha za barabara zetu, zilizofunikwa nyuso na namba, ambamo bajaji ni bajaji na guta ni guta. Na sisi walimu tuongeze mstari mmoja kwenye karatasi ya tathmini: kifaa hiki kinafuta nini, na lini? Mwanafunzi akijua kwamba swali hilo lina alama, atalijibu katika muundo wake.

Tano, na kwangu hili ndilo la msingi, matokeo yarudishwe kwa waliohesabiwa. Yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili kinachosomeka: katika barabara yenu, kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, magari mangapi yalizidi kilomita 50, na yalizidi wapi. Karatasi hiyo ingewapa wakazi hoja ya kupeleka kwenye halmashauri kudai kivuko, taa au tuta kabla hawajabeba jeneza. Wasingelazimika kuziba barabara kwa mawe ili wasikilizwe.

Kamera itakuja, tupende tusipende. Vipuri vyake vinauzwa madukani na programu zake ni za bure. Kinachobaki mikononi mwetu ni kuamua kama itakapoondoka mtaani itauachia mtaa namba za kuwalinda watoto wake, au itaondoka na majina ya wazazi wao.